Mfereji Mmoja na Bustani Mbili

Mashua iondokayo Paddington, magharibi ya mji wa London, na kushika Mfereji wa Regent kuelekea mashariki, hupita kando ya bustani mbili kubwa kabla ya kufika Limehouse, mahali ambapo mfereji huungana na mto wa Thames. Bustani ya kwanza huitwa Regent's Park na ya pili Victoria Park. Mfereji mzima haufiki maili tisa, na mtu mwenye miguu mizima aweza kuumaliza kati ya chakula cha asubuhi na cha mchana. Lakini msafiri afungaye mashua yake kando ya bustani ya pili, akashuka ukingoni kutembea, hali akili yake ingali inaikumbuka ile ya kwanza, huona jambo ambalo vitabu vya watalii hulipita mbio. Maji ni yale yale, na hata mafundi waliozichora bustani hizo mbili walikuwa wa nyumba moja. Bali bustani moja ilitengenezwa ili ukingo wake uuzwe kwa matajiri, na ya pili haikutengenezwa mpaka maskini walipoiomba kwa arzuhali.

Yafaa kwanza kukieleza chombo chenyewe. Mashua nyembamba ya Kiingereza si chombo cha kutwekwa tanga wala cha kuvukia bahari. Upana wake ni futi 7 tu, na urefu wake waweza kufika futi 70 na zaidi kidogo. Nahodha asimamaye tezi na kushika kana huiona omo mbali mbele yake kama ncha ya mchi uliolazwa majini. Umbo hilo halikuchaguliwa kwa uzuri. Katika miaka ya 1760 fundi James Brindley alipokuwa akichimba mfereji wa kuunganisha mito ya Trent na Mersey, alizijenga ngazi zake za maji ziwe nyembamba ili kupunguza gharama na kuhifadhi maji. Ngazi ya maji ni birika la mawe au matofali lenye milango mbele na nyuma: chombo huingia, milango hufungwa, maji hujazwa au hupunguzwa kwa vilango vidogo vya chini, na chombo hupanda au hushuka pamoja na maji hayo mpaka kikalingana na upande wa pili. Tangu siku hizo, chombo kisichoweza kuingia katika birika la futi 7 hakikuweza kufanya biashara katika sehemu kubwa ya bara la Uingereza. Mfereji wa Regent, ambao ni mdogo kwa umri, ulijengwa kwa mabirika mapana, hata mashua nyembamba mbili zaweza kuingia ubavu kwa ubavu, au tishari moja pana la London peke yake.

Mfereji huu ulipata idhini ya Bunge mwaka 1812. John Nash, mjenzi aliyependwa na mrithi wa ufalme wa wakati ule, alikuwa mmoja wa wakuu wa kampuni, na yeye ndiye aliyekuwa amekwisha kuchora ramani ya Regent's Park katika mwaka 1811. Wazo lake lilikuwa wazi: shamba la Mfalme ligeuzwe bustani, nyumba za fahari zipangwe pembezoni mwake, na kodi za wapangaji ziijaze hazina. Yasemekana kwamba mwanzoni Nash alitaka mfereji upite katikati ya bustani, kwa kuwa maji yenye mashua hupendeza machoni. Walakini wale waliotazamiwa kukaa katika nyumba zile hawakupendezwa hata kidogo na habari ya kuwa karibu na mabaharia wa mfereji, watu waliojulikana kwa matusi yao kuliko kwa sala zao. Basi mfereji ukasukumwa kaskazini, ukachimbwa chini katika bonde lenye kingo ndefu, mahali ambapo mpiga makasia angeweza kutukana bila ya kusikiwa na mke wa bwana. Watu wa kawaida wenyewe walingoja mpaka mwaka 1835 ndipo waliporuhusiwa kuingia katika sehemu ya bustani hiyo, tena siku mbili tu kwa juma.

Kampuni haikuwa na bahati njema. Thomas Homer, ambaye ndiye mwenye wazo la mfereji, aligunduliwa mwaka 1815 kuwa ameziiba fedha za kampuni. Sehemu ya kutoka Paddington mpaka Camden ilifunguliwa mwaka 1816, na njia yote hata Limehouse ikafunguliwa tarehe 1 Agosti 1820. Utulivu ambao matajiri waliununua ulikatizwa vikali siku moja tu. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874 mashua iliyoitwa Tilbury, iliyokuwa ikivutwa pamoja na nyingine na imepakia baruti na mafuta, ililipuka chini ya daraja la Macclesfield, ukingoni kabisa mwa Regent's Park. Watu watatu waliokuwa ndani yake walikufa, na daraja likabomoka lote. Lilipojengwa upya, nguzo zake za chuma zilitumiwa tena lakini ziligeuzwa. Na kwa sababu hiyo mifuo iliyochimbwa na kamba za farasi wavuta mashua huonekana pande zote mbili za nguzo, ule wa zamani na ule wa baadaye. Kamba ya katani kula chuma ni jambo la kustaajabisha, lakini ndivyo ilivyo: kamba ile ilikuwa imelowa na kujaa mchanga, na ilipita mahali pale pale maelfu ya safari.

Baada ya Camden mfereji huanza kushuka. Zipo ngazi 12 mpaka Limehouse, nazo huteremsha chombo kiasi cha futi 86. Katikati ya njia kilima cha Islington kimetobolewa kwa tundu la yadi 960 lisilo na njia ya farasi. Hapo zamani farasi alifunguliwa akapitishwa juu ya kilima, na watu wakalala chali juu ya mashua wakasukuma ukuta kwa nyayo zao katika giza. Lakini tangu mwaka 1826 chombo cha mvuke kiliwekwa kuzivuta mashua kwa mnyororo. Upande wa pili wa tundu ndiko iliko London ya mashariki: maghala, viwanda vya mbao, mitambo ya gesi, na nyumba za wafanya kazi zilizobanana. Mwingi wa mzigo uliopita hapa ulikuwa makaa ya mawe, mbao na vifaa vya ujenzi, na hata barafu iliyoletwa kutoka Norway kwa ajili ya wauza samaki na watengenezaji wa aiskrimu. Mashua hupita ngazi nne, na kabla ya ile ya nne, iitwayo Old Ford, miti ya Victoria Park hutokeza upande wa kushoto.

Kufunga mashua hapa ni kazi ndogo. Penye pete za chuma kamba hupitishwa katika pete. Pasipo na pete vigingi vya chuma hupigwa nyundo ukingoni, kimoja omo na kimoja tezi, na kamba zikakazwa kiasi cha kuizuia mashua isibabaike kila chombo kingine kipitapo. Hapana maji kupwa na kujaa katika mfereji, wala wimbi. Mtu aliyezoea kufunga jahazi huko Lamu au Unguja angeona kwamba mchezo huu ni wa watoto. Lakini mtu huyo angeshangaa kwa jambo jingine, nalo ni ya kwamba ugumu wa kutua hapa umo katika kalenda, si katika maji. Kwa Sheria ya Njia za Maji ya mwaka 1995, mashua isiyokuwa na mahali pake maalumu pa kulipia haina ruhusa kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kwa dharura ya kuaminika, na mwenyewe lazima awe ni msafiri wa kweli, asiwe mtu wa kusogea hatua mbili na kurudi. Habari ya sheria hii itarejewa. Kwanza atembee aliyefika.

Lango la magharibi la Victoria Park hulindwa na sanamu mbili za mbwa, nakala za sanamu za kale, na hubeba jina la Bonner. Edmund Bonner alikuwa askofu wa London katika enzi ya Malkia Mary, karne ya kumi na sita, naye alikumbukwa na Waprotestanti kwa wale wenzao waliochomwa moto kwa hukumu zake. Ardhi hii iliitwa viwanja vya Bonner, na kabla ya kuwapo bustani ilikuwa mahali pa watu kukusanyika, kuhubiri, kubishana na kucheza. Jambo hili lafaa kuwekwa akilini. Serikali haikuipa London ya mashariki mahali pa kukutana. Mahali palikuwapo, nayo serikali ilipazungushia ua na kupaandikia kanuni.

Sababu ya kwanza ya bustani ilikuwa hesabu za vifo. Mwaka 1839 ilitolewa taarifa ya kwanza ya mwaka ya Msajili Mkuu wa vizazi na vifo, na ndani yake William Farr, tabibu aliyekuwa mkusanyaji wa hesabu, alionyesha jinsi watu wa mashariki ya London walivyokufa kwa wingi kuliko wengine kwa sababu ya msongamano na uchafu. Alishauri ifanywe bustani huko, akakisia kwamba ingepunguza maelfu ya vifo kila mwaka. Tena alitia neno ambalo hapana shaka lilipenya masikio yaliyokuwa mazito kwa maneno ya huruma: ya kuwa maradhi yaanziayo mashariki hayakai mashariki, bali huenda yakabisha hodi katika majumba ya magharibi. Farr, kama matabibu wengi wa zama zake, aliamini kuwa maradhi hutoka katika hewa mbaya iliyooza, na kwamba miti na uwazi huisafisha. Alikosea sababu. Dawa aliyoiandika ilikuwa njema hata hivyo, na si mara ya kwanza kwa binadamu kupata mema kwa kufuata hoja mbovu.

Hesabu peke yake isingefanya kitu. Mwaka 1840 mkutano ulifanywa mashariki, akiwamo George Frederick Young, mjenzi wa meli aliyepata kuwa mbunge, na arzuhali ikaandikwa kwa Malkia Victoria. Watu 30,000 walitia sahihi. Mwaka 1841 Bunge lilipitisha sheria ya kuiuza York House, jumba la Serikali karibu na kasri ya St James, na Duke wa Sutherland akalinunua kwa pauni 72,000, ili fedha hizo zinunue ardhi ya bustani. Kwa hiyo yaweza kusemwa kwamba bustani ya maskini ililipiwa na jumba la mkuu mmoja lililouzwa kwa mkuu mwingine. Kazi ya kuchora alipewa James Pennethorne, mwanafunzi wa Nash. Naye alijaribu kufanya alivyofundishwa: aliacha nafasi pembezoni ili viwanja vikodishwe kwa wajenzi wa nyumba nzuri, na kodi zirudishe gharama. Lakini kilichowezekana magharibi hakikuwezekana mashariki. Matajiri hawakutaka kujenga mahali penye moshi na harufu ya viwanda, na viwanja vilikodishwa polepole na kwa uchache.

Wenye haja ya bustani hawakungoja kualikwa. Miti ilikuwa michanga na njia hazijakwisha, na watu walikuwa wamekwisha kuingia. Kwa hiyo mwaka 1845, unaohesabiwa kuwa mwaka wa kufunguliwa, ulikuwa ni mwaka wa kukubali jambo lililokwisha kutendeka. Jina walilolipa ni la Malkia, jina ambalo miaka 13 baadaye Speke alilibandika juu ya Nyanza, ambayo nayo ilikuwa na majina yake na watu wake. Wenyeji wa London ya mashariki walikuwa na jina lao la pili la bustani, nalo ni Bustani ya Watu.

Hazikupita siku nyingi kabla ya kujaribiwa kama jina hilo lilikuwa la kweli. Mwezi wa Juni 1848 Wachartisti, waliodai kura kwa kila mwanamume na Bunge litokanalo na watu wote, walitangaza mkutano katika viwanja vya Bonner. Serikali ikaukataza, ikajaza bustani polisi na askari. Mkutano haukufanyika, na mvua kubwa ikawatawanya waliofika. Kwa siku ile bustani ya watu ilikuwa kambi ya kuwazuia watu. Lakini katika miaka iliyofuata mambo yaligeuka, na Victoria Park ikawa baraza kubwa ya hadhara mashariki ya London. Siku za Jumapili wahubiri walisimama mti huu, wakana Mungu mti ule, na wajamaa mti wa tatu. William Morris na Annie Besant ni miongoni mwa waliosema hapa. Mwaka 1914 Sylvia Pankhurst, aliyewaongoza wanawake wa mashariki kudai kura, alikamatwa langoni akiwa amefungwa minyororo pamoja na wenzake ili polisi wasimtoe kwa urahisi. Na tarehe 30 Aprili 1978 makumi ya maelfu ya vijana walitembea kutoka Trafalgar Square mpaka hapa, wakakesha mchana kutwa kwa muziki wa kupinga ubaguzi wa rangi, katika siku ambazo chama cha wabaguzi kilikuwa kikitafuta kura mitaani humo humo.

Atembeaye akiingia ndani zaidi huona vipande viwili vya daraja la kale la London, vibanda vya mawe ambavyo wapita njia walijificha ndani yake magari yalipopita. Daraja lile lilibomolewa mwaka 1831, na vibanda hivi viwili vikaletwa hapa mwaka 1860, viwe vivuli vya kupumzikia. Mbele yake kuna chemchemi kubwa ya kunywea maji iliyotolewa mwaka 1862 na Angela Burdett-Coutts, mmoja wa wanawake matajiri sana wa Uingereza, aliyetumia mali yake kwa maskini wa mashariki. Imejengwa kwa fahari nyingi mno, kama kaburi la sultani aliyependa mapambo, na wako walioicheka. Wasomao historia ya mtaa hawawezi kucheka sana. Miaka minne baada ya chemchemi kujengwa, katika kiangazi cha mwaka 1866, kipindupindu kiliua maelfu ya watu mashariki ya London. Safari hii Farr, yule yule wa hesabu, hakuisingizia hewa. Aliyafuata maji, na hesabu zake zikamwelekeza kwenye kampuni iliyouza maji mashariki, yenye mabwawa yake huko Old Ford, karibu sana na bustani. Kampuni ilikana kwanza kwamba ilitoa maji yasiyochujwa. Baadaye ikalazimika kukiri. Kwa miaka 27 tabibu mmoja alikuwa amesafiri kutoka kosa mpaka ukweli, na safari yake yote yaweza kutembelewa kwa mguu katika saa moja, kutoka lango la Bonner hadi Old Ford.

Yako maziwa pia. Katika moja lao wanaume wa mtaa walioga alfajiri kabla ya kwenda kazini, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na bafu. Na mwaka 1936 likajengwa bwawa la kuogelea la kisasa, ambalo sasa halipo tena. Katika ziwa jingine chama cha mashua ndogo za mvuke, kilichoanzishwa mwaka 1904, huendelea kushindanisha vyombo visivyozidi urefu wa mkono. Katika vita ya pili ya dunia mizinga ya kutungulia ndege iliwekwa katika bustani. Usiku wa tarehe 3 Machi 1943 roketi za namna mpya zilifyatuliwa hapa, na kishindo chake, kisichojulikana na wenyeji, kiliwatia watu hofu waliokuwa wakishuka ngazi za kituo cha reli ya chini cha Bethnal Green. Mmoja aliteleza, na wa nyuma wakamwangukia. Walikufa watu 173, kati yao watoto 62, wala hapana bomu hata moja lililoanguka pale usiku ule.

Akirudi mferejini, msafiri huikuta mashua yake mahali alipoiacha, na mbele yake na nyuma yake mashua nyingine nyingi, zilizofungwa mpaka mbili mbili ubavu kwa ubavu. Juu ya mapaa yake pana kuni, baiskeli, magunia ya makaa, vyungu vya mboga na mabamba ya kuvuna nguvu za jua. Hao si watalii. Wengi wao hukaa humo mwaka mzima, na hufanya kazi mjini kama watu wengine.

Kukaa majini si jambo geni. Reli zilipoanza kunyang'anya mifereji mizigo yake katika miaka ya 1840, ujira wa mabaharia ulishuka, na mwenye mashua hakuweza tena kulipa msaidizi wala kodi ya nyumba. Akamtia mkewe na watoto wake katika chumba cha tezi, chenye upana wa futi 7 na urefu wa futi 10 hivi, wakawa mabaharia wake bila ya mshahara. Yapasa kusema kweli kwamba katika Mfereji wa Regent wengi wa watu wa matishari walilala kwao nchi kavu. Jamaa waliokaa mashuani ni wale waliotoka na mashua nyembamba za bara, wakapita hapa na mizigo yao. George Smith wa Coalville aliandika juu ya hali yao, na kelele zake zilileta sheria ya mwaka 1877 na nyingine ya mwaka 1884. Sheria hizo ziliamuru kila mashua ya kulaliwa iandikishwe, ikaguliwe, na watu wasizidi kiasi cha nafasi. Nia ilikuwa njema. Lakini tazama lililomtatiza mtunga sheria: watoto hawa wasome wapi? Kila shule ilikuwa ya mtaa, na mtoto wa mashua hakuwa wa mtaa wowote. Jawabu lilikuwa ni kumhesabu kuwa mkazi wa mji ule mashua ilikoandikishwa, hata kama hakuuona mji huo ila mara chache kwa mwaka.

Biashara ilikufa polepole. Mashua ya mwisho ya biashara kuvutwa na farasi katika Mfereji wa Regent ilipita mwaka 1956, na mwisho wa miaka ya 1960 mizigo ilikuwa imekwisha kabisa. Kwamba mifereji haikufukiwa ni kazi ya watu wachache wenye kichwa kigumu, akiwamo L. T. C. Rolt, aliyekaa mashuani na kuandika kitabu *Narrow Boat* cha mwaka 1944, na aliyeanzisha pamoja na Robert Aickman chama cha kutetea njia za maji mwaka 1946. Waliinusuru mifereji kwa ajili ya burudani na kumbukumbu. Hawakutazamia kwamba siku moja ingekuwa makao ya watu walioshindwa na kodi za nyumba za London. Kati ya mwaka 2012 na 2019 idadi ya mashua katika maji ya London iliongezeka karibu maradufu, ikapita 4,000, na sehemu kubwa ni za wale wasio na maegesho ya kudumu.

Hapo ndipo siku 14 zinapopata maana yake. Sheria ile ilitungwa kuwasaidia wasafiri wa kweli, wasilazimishwe kulipia maegesho wasiyoyatumia; nayo imekuwa fito ya kuwapimia watu ambao safari yao ni njia ya kukaa. Mama mwenye mtoto katika shule ya Old Ford huihamisha nyumba yake kila baada ya majuma mawili, na kila ahamapo huzidi kuwa mbali na shule au karibu nayo kwa kadiri ya bahati yake ya kupata nafasi. Tangu Aprili 2024 wasio na maegesho ya kudumu hutozwa nyongeza juu ya ada ya leseni, iliyoanza kwa asilimia 5 na kupangwa ipande hata asilimia 25 mwaka 2028. Wasimamizi wa maji husema kwamba ukingo ni haba na matengenezo ya mfereji ni ghali, wala hawasemi uwongo. Wenye nyumba za ukingoni hulalamika moshi wa majiko na sauti ya injini, nao pia hawasemi uwongo. Lakini msomaji atakumbuka kwamba malalamiko ya namna hiyo yaliwahi kuuhamisha mfereji huu huu, katika bustani ya kwanza, kabla hata ya kuchimbwa. Tofauti ni kwamba wakazi wa Regent's Park walitaka mashua zisionekane, na wa Victoria Park huzipenda sana kuzitazama, maadamu zimetulia na hazina watu.

Kushuka chini ya ngazi ya Old Ford, upande wa kushoto, upo mdomo wa mfereji mdogo uliochimbwa na Sir George Duckett na kufunguliwa mwaka 1830 ili kuunganisha Mfereji wa Regent na mto wa Lee. Haufiki maili mbili. Haukumletea faida, mwaka 1832 alikuwa amefilisika, na mwaka 1857 kampuni ya Regent ikaununua. Bustani ilipokuja, ilikuta ukingo wake wa kusini umekwisha kuchorwa na maji haya. Mashua ambayo siku zake zimekwisha hung'oa vigingi, ikaingia hapa, na ua wa bustani ukaifuata mkono wa kushoto mpaka miti ikaisha. Hushuka ngazi tatu kisha ikatokea kwenye mto wa Lee, mkabala wa uwanja wa michezo ya Olimpiki. Katika majira ya michezo ile ya mwaka 2012, chombo kisicho na kibali maalumu hakikuruhusiwa katika maji ya huko. Siku hizi huruhusiwa, siku 14.